Jina Lililobaki Bila Mashine

Tarehe 29 Aprili 1994 kampuni ya Commodore International ilitangaza kwamba imeshindwa kulipa madeni yake na inafunga shughuli. Miongoni mwa mali zilizobaki kwa ajili ya wadai kulikuwa na Amiga, kompyuta iliyokuwa ingali inauzwa madukani Uingereza na Ujerumani, na ambayo waliokuwa nayo nyumbani hawakuwa na nia yoyote ya kuiacha. Tangu siku hiyo jina hilo limeuzwa Ujerumani, likarejea Marekani, likagombewa mahakamani, na kwa miaka michache likabandikwa juu ya teknolojia ya Kiingereza isiyokuwa na undugu wowote na kompyuta yenyewe. Ni hiyo miaka michache, kuanzia 2000, inayonivutia zaidi, nami nitakaa nayo kuliko mingine.

Mwaka 2025 Amiga ilitimiza miaka 40 tangu kuzinduliwa. Taasisi nyingine huadhimishwa kwa kutaja majengo yake na wakurugenzi wake. Hii haina jengo, na wakurugenzi wake wengi ni watu ambao wapenzi wa Amiga wangefurahi kuwasahau.

Ilianza 1982 huko Santa Clara, California, kwa jina la Hi-Toro. Fedha zilitoka kwa kundi la madaktari wa meno waliotaka kuingia katika biashara ya michezo ya video, iliyokuwa imepamba moto. Mkurugenzi alikuwa David Morse, aliyetoka Tonka, watengenezaji wa magari ya kuchezea watoto. Mhandisi mkuu alikuwa Jay Miner, ambaye alipokuwa Atari alishiriki kubuni chipu za mashine ya michezo ya 2600 na za kompyuta za 400 na 800. Miner alikuwa na kiu ya kujenga kompyuta juu ya prosesa mpya ya Motorola, 68000, na Atari hawakumpa nafasi. Wafadhili wake wapya walitaka mashine ya michezo; yeye akaichora kwa namna ambayo ingeweza kukua na kuwa kompyuta kamili. Soko la michezo lilipoporomoka Marekani mwaka 1983, hadhari yake ndiyo iliyoiokoa kampuni. Kufikia hapo jina lilikwisha kubadilishwa kuwa Amiga, na katika kitabu cha simu likatangulia Apple na Atari.

Visa vya miaka ile vimesimuliwa mara nyingi, lakini kimoja hakichoshi. Januari 1984 walitakiwa kuonyesha kazi yao kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki huko Las Vegas. Chipu zenyewe zilikuwa bado hazijachongwa. Kilichokuwepo ni mbao zilizosukwa nyaya kwa mkono, zikiiga kila chipu. Hawakuthubutu kuukabidhi mzigo huo kwa wapagazi wa ndege, kwa hiyo wakaukatia tiketi ya abiria kwa jina la Joe Pillow, wakaufunga mkanda kwenye kiti. Usiku, baada ya wageni kuondoka, Dale Luck na RJ Mical waliandika programu ya mpira wenye miraba myekundu na myeupe unaodunda kwenye skrini. Wageni wa siku iliyofuata waliinama kuchungulia chini ya meza, wakitafuta kompyuta kubwa waliyodhani imefichwa humo.

Fedha zilikuwa zimekwisha. Miner aliiweka nyumba yake rehani mara ya pili ili watu walipwe mishahara. Atari ilikopesha dola 500,000 kwa masharti ambayo yangeipa teknolojia yote kama deni lisingelipwa kwa wakati. Commodore ikaingia kati, deni likalipwa, na Agosti 1984 ikainunua Amiga.

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, lazima tuifungue mashine. Uhai wa Amiga ulikuwa katika chipu tatu ambazo wahandisi walizipa majina ya watu. Agnus aligawa zamu za kuifikia kumbukumbu, na ndani yake mlikuwa na kifaa cha kuhamisha vipande vya picha bila kuisumbua prosesa. Mlikuwa pia na kingine kidogo, Copper, kilichoufuata mwale wa runinga unavyochora skrini mstari kwa mstari na kubadilisha rangi mahali palepale palipotakiwa. Denise alitoa picha, na kwa ujanja fulani aliweza kuonyesha rangi 4,096 kwa pamoja. Paula alipiga sauti nne kwa wakati mmoja, tena akasoma diski. Hata mwendo wa prosesa ulitokana na masafa ya rangi ya runinga: megahezi 7.16 kwa mfumo wa Marekani, 7.09 kwa ule wa Ulaya. Mtunzi wa programu aliyeijua kazi yake alihesabu mizunguko ya prosesa huku akijua mwale umefika wapi. Programu yake haikuwa imeandikwa kwa ajili ya kompyuta kwa ujumla. Iliandikwa kwa ajili ya hii, na mara nyingi kwa ajili ya aina ya runinga iliyounganishwa nayo.

Juu ya chipu hizo walipanda watu wa programu. Carl Sassenrath aliandika Exec, kiini kilichoweza kugawa muda wa prosesa kati ya kazi nyingi, jambo ambalo Macintosh na kompyuta za IBM za siku zile hazikulifanya. Mical aliandika sehemu ya madirisha na menyu. Mpango wa sehemu ya mafaili ulichelewa, ikabidi wachukue Tripos, mfumo wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliohamishwa na kampuni ya MetaComCo ya Bristol. Haya yote yaliingia katika mashine yenye kilobaiti 256 za kumbukumbu. Ilizinduliwa tarehe 23 Julai 1985 katika ukumbi wa Lincoln Center, New York, na mbele ya wageni Andy Warhol akaitumia kuchora picha ya mwimbaji Debbie Harry. Bei ilikuwa dola 1,295, skrini mbali. Ndani ya kifuniko, mahali ambapo mnunuzi asingeona bila bisibisi, mlikuwa na saini za wafanyakazi na alama ya unyayo wa Mitchy, mbwa wa Jay Miner.

Miaka ya Commodore nitaipita haraka. Amiga 500 ya mwaka 1987 ilifika vyumbani kwa vijana wa Ulaya kwa wingi. Marekani ilijulikana zaidi kwa kazi za video: kifaa cha Video Toaster cha kampuni ya NewTek kilitoka 1990, na vyombo vya anga vya awali vya tamthilia ya Babylon 5 vilichorwa kwa Amiga. Lakini chipu zilizofuata, zile za Amiga 1200 na 4000, zilikuja mwaka 1992, zimechelewa, na katika jambo moja zilikuwa zimeelekea kusiko. Zilihifadhi picha kwa tabaka, mpangilio uliofaa sana kwa michezo ya pembeni ya zamani na uliokuwa adha kwa michezo ya kutembea ndani ya vyumba vya pande tatu. Desemba 1993 ikatoka Doom, mchezo wa aina hiyo, kwenye kompyuta za kawaida za ofisini. Miezi minne baadaye Commodore ikaanguka. Jay Miner, aliyekuwa mgonjwa wa figo kwa miaka mingi, alifariki Juni 1994.

Escom ya Ujerumani ikanunua mali mwaka 1995, ikaanza tena kuunda Amiga 1200, ikafilisika yenyewe mwaka 1996. Mwaka 1997 ikaja Gateway 2000, kampuni ya Marekani iliyopakia kompyuta zake katika maboksi yenye madoadoa ya ng'ombe. Gateway ilivutiwa na hataza, na wapenzi wa Amiga wakapewa ahadi. Mwaka 1998 waliambiwa kwamba mfumo mpya utajengwa juu ya QNX. Julai 1999 wakaambiwa hapana, utajengwa juu ya Linux. Miezi michache baadaye mkurugenzi aliyetangaza Linux alikuwa ameondoka, na hapakuwa na mfumo wowote.

Mwishoni mwa 1999 watu wawili waliokuwa wamefanya kazi katika Amiga chini ya Gateway, Bill McEwen na Fleecy Moss, wakiwa na kampuni ndogo iliyoitwa Amino, walinunua jina na haki za programu. Hataza zilibaki Gateway. Walijiita Amiga Inc., wakaweka ofisi Snoqualmie, mji mdogo chini ya milima ya jimbo la Washington. Ikawabidi waamue waliyoyanunua yatakuwa nini, kwa kuwa kiwanda hakikuwepo, waliozibuni chipu walikwisha kutawanyika au kufa, na prosesa za familia ya 68000 zilikuwa zimepitwa. Wale waliotaka kasi walikuwa wakiongeza kadi za PowerPC kutoka phase5 ya Ujerumani, na kila mmoja alikuwa na rai yake kuhusu prosesa inayofaa kurithi. Ubishi ulikuwa wa miaka, na mkali.

McEwen na Moss waliukwepa ubishi huo kwa hatua moja. Januari 2000 walitangaza ubia na kampuni ambayo kwake swali la prosesa lilikuwa halina maana.

Huko Reading, magharibi ya London, kulikuwa na Tao Group. Mambo ya biashara yalikuwa kwa Francis Charig. Bongo la kiufundi lilikuwa Chris Hinsley, mtunzi wa michezo ya kompyuta. Mwaka 1984, akiwa na kampuni ya Mikro-Gen, Hinsley alitoa Pyjamarama, mchezo wa bwana mmoja anayehangaika usiku kucha kutafuta ufunguo wa saa yake ya kengele asije akachelewa kazini. Enzi zile mchezo uliouzika kwenye Sinclair Spectrum ulipaswa kuandikwa upya kwa Commodore 64, kwa kuwa Spectrum ilitumia prosesa ya Z80 na Commodore ile ya jamii ya 6502, na amri za moja ni makelele matupu kwa nyingine. Mtu aliyeishi katika kazi hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini aandike jambo lilelile mara tatu.

Jibu la Hinsley lilikuwa kuandika kwa ajili ya prosesa isiyokuwepo. Aliiita VP, prosesa ya kubuni: ina amri zake na rejista zake, lakini hakuna kiwanda kilichowahi kuichonga. Wazo lenyewe halikuwa geni. Chuo Kikuu cha California huko San Diego kilikuwa na Pascal ya namna hiyo tangu miaka ya 1970, na Java ya Sun ilikuja kupata umaarufu kwa njia hiyohiyo katikati ya miaka ya 1990. Tatizo la njia hiyo lilikuwa kasi. Mifumo ya mwanzo ilisoma amri moja ya kubuni, ikatafuta maana yake, ikaitekeleza, ikarudi kusoma nyingine, na kazi hiyo ya ukalimani ilikula sehemu kubwa ya muda wa mashine.

Tao walifanya tafsiri yote mapema, wakati programu inapoingia kutoka kwenye diski. Fundi cherehani anayesafiri na majora badala ya nguo zilizoshonwa hahitaji kujua atakutana na nani njiani. Akifika anampima mteja na kushona palepale, na mzigo wake mgongoni ni mdogo. Vivyo hivyo msimbo wa VP ulikaa diskini ukiwa mfupi kuliko msimbo halisi wa prosesa nyingi, na kwa kuwa diski za siku zile zilikuwa za polepole kuliko prosesa, muda uliookolewa katika kusoma ulitosha kulipia muda wa kutafsiri. Kilichokuwa tayari ndani ya kumbukumbu kilikuwa msimbo halisi wa mashine ile, unaokwenda kwa kasi yake halisi. Tena programu haikuingia nzima. Iligawanywa katika vipande vidogo, kila kimoja kikiletwa pale kinapoitwa na kuachiwa kisipohitajika, ndiyo maana mfumo mzima uliweza kukaa katika vifaa vyenye kumbukumbu finyu.

Mfumo wao wa kwanza, Taos, ulikuwa na uwezo ambao hata leo unashangaza kidogo: prosesa za aina mbalimbali ndani ya mashine moja ziligawana kazi moja, kwa sababu kila kipande kilitafsiriwa kulingana na prosesa kilipoangukia. Warithi wake waliitwa Elate, kisha intent. Waliweza kusimama peke yao juu ya chuma kitupu, au kukaa kama mgeni ndani ya Linux au Windows. Walizungumza na prosesa za Intel, ARM, PowerPC, MIPS na SuperH. Kwa kampuni za elektroniki zilizokuwa na simu ya prosesa hii, kamera ya prosesa ile na kisimbuzi cha prosesa nyingine, hii ilikuwa habari njema.

Juu ya intent Amiga Inc. ikaanza kujenga ilichokiita AmigaDE, mazingira ya kidijitali ambamo mtunzi angeandika mara moja na kazi yake ikaenda kwenye kompyuta, simu, runinga na mashine ya michezo. Katikati ya mwaka 2000 vifaa vya watunzi wa programu vilitoka. Vilihitaji kompyuta ya kawaida yenye Linux. Toleo la Windows lilifuata. Hebu fikiri hali ya mtu aliyeitunza Amiga yake kwa miaka sita tangu Commodore ianguke, aliyeapa kwamba hataiingiza kompyuta ya Intel nyumbani kwake, halafu anaambiwa kwamba ili kuandika programu ya Amiga mpya ni lazima anunue ileile. Wengi walinunua.

Waliofungua vifaa hivyo walikuta teknolojia inayofanya kazi. Jambo hili husahaulika kwa sababu ya yaliyofuata. VP ilikuwa na lugha ya asembli iliyosomeka vizuri, C ilitafsiriwa kwenda humo, Java ilikwenda kasi, na programu iliyoandikwa kwenye Linux ilikwenda kwenye kifaa cha mkononi bila kuguswa. Anayesema AmigaDE ilikufa kwa sababu ilikuwa ndoto tu, hakuijaribu.

Kasoro ilikuwa kwingine, na naamini ingeonekana tangu siku ya kwanza kama watu wasingekuwa na njaa ya habari njema. Uhodari wa Tao ulikuwa kuifanya mashine iliyo chini isijulikane. Sifa ya Amiga, tangu mbao zile za nyaya kule Las Vegas, ilikuwa mashine iliyo chini. Walichukua jina lililojengwa juu ya Agnus, Denise na Paula, wakalipa teknolojia ambayo fahari yake ni kutojali kama Agnus yupo. Hakuna programu hata moja ya Amiga ya zamani iliyoweza kwenda juu ya AmigaDE yenyewe: si programu ya kuchora ya Deluxe Paint, si michezo, si kazi za wasanii waliopiga hesabu za mwale. Kilichovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kilikuwa nembo. Na upande wa biashara nembo hiyo haikuwa na nguvu, kwani kampuni ya Japani iliyotaka intent kwa ajili ya simu zake iliweza kwenda Reading moja kwa moja.

Palikuwa na tatizo la pili, la kawaida zaidi. Jukwaa linaloweza kwenda popote linahitaji angalau mahali pamoja ambapo lipo tayari mtu anaponunua kifaa. Java ilikuwa ndani ya simu tangu dukani. AmigaDE ilitangaza makubaliano na Sharp kuhusu vifaa vya mkononi vya Zaurus, ikazungumza na Microsoft, mwisho ikawa AmigaAnywhere, mkusanyiko wa michezo midogo kwa ajili ya vifaa vya Pocket PC, mingine ikiuzwa kwenye kadi za kumbukumbu. Michezo yenyewe ilipendeza. Lakini mnunuzi wa Pocket PC hakuwa na sababu ya kuutafuta mfumo wa Amiga ili acheze mchezo wa dakika tano.

Wapenzi nao walikuwa hawajaacha kudai mashine. Mwaka 2001 Amiga Inc. ikakubali: Hyperion Entertainment ya Ubelgiji ingeandika AmigaOS 4 kwa ajili ya PowerPC, na Eyetech ya Uingereza ingeuza kompyuta iitwayo AmigaOne. Ilielezwa kwamba mfumo wa zamani na AmigaDE vingekuja kuungana mbele ya safari. Havikuungana. AmigaOne za mwanzo zilifika kwa wateja zikiwa na Linux kwa sababu AmigaOS 4 ilikuwa haijawa tayari. Toleo la awali kwa watunzi wa programu lilitoka 2004, na toleo kamili Desemba 2006, wakati ambapo mashine zenyewe zilikuwa hazitengenezwi tena. Mwaka 2007 Amiga Inc. na Hyperion zikafikishana mahakamani. Mwaka huohuo Amiga Inc. iliahidi kulipia jina la ukumbi mpya wa michezo katika mji wa Kent, Washington. Malipo hayakufika, na ukumbi ukafunguliwa kwa jina la kampuni nyingine. Kesi iliisha kwa suluhu tarehe 30 Septemba 2009, Hyperion ikabaki na haki ya AmigaOS 4. Baadaye zilifunguliwa kesi nyingine, na nitawaachia wanasheria.

Tao Group ilifungwa 2007. Haikuuliwa na Amiga. Ilikuwa na wateja wakubwa kuliko huyo. Iliuawa na Java iliyokuwa kila mahali na prosesa za ARM zilizokuwa zikielekea kuwa kila mahali, kwani kadiri simu zote zinavyotumia jamii moja ya prosesa ndivyo huduma ya kuvuka kutoka prosesa hadi prosesa inavyokosa wateja. Hinsley hakuiacha VP. Aliirudia miaka iliyofuata katika ChrysaLisp, mfumo wa wazi anaoutoa bure, ambamo prosesa ya kubuni inaishi tena na kazi inagawanywa kati ya prosesa nyingi kama enzi za Taos.

Wazo lao liliendelea bila wao. Android ilipokuja mwaka 2008 ilibeba programu katika msimbo wa prosesa ya kubuni, na toleo la 5.0 la mwaka 2014 lilianza kuzitafsiri zote kuwa msimbo halisi wakati wa kusakinishwa, hatua chache tu kutoka pale Tao waliposimama. Kenya ililiona jambo hili likitendeka bila wengi kulitambua. Januari 2013 Safaricom na Intel walizindua simu ya Yolo kwa shilingi 10,999. Karibu kila simu ya Android iliyokuwa mifukoni mwa Wakenya wakati huo ilikuwa ya ARM. Yolo ilikuwa na Atom ya Intel. Aliyeinunua Nairobi au Kisumu alipakua programu zilezile ambazo jirani yake alikuwa nazo, zikawaka, na hakuna mtu dukani aliyelazimika kumweleza kwamba ndani ya simu mna aina nyingine kabisa ya prosesa. Zilizosumbua, na kuhitaji tafsiri ya ziada, ni zile ambazo watunzi wake walikuwa wameandika sehemu moja kwa moja kwa ajili ya ARM. Ahadi iliyotolewa Snoqualmie ilitimizwa Kenya, na wauzaji wa Yolo hawakuona haja hata ya kuitaja.

Amiga yenyewe ilifufuka kwa njia iliyo kinyume. Mwaka 1995, kabla McEwen hajanunua lolote, kijana wa Kijerumani, Bernd Schmidt, alianza kuandika UAE, programu ya kuiiga Amiga ndani ya kompyuta nyingine: prosesa ya 68000, Agnus, Denise, Paula, mwale wa runinga, hata makosa ya chipu yaliyokuwa yakitegemewa na michezo fulani. Mwanzoni ilikuwa polepole kiasi cha kuchekesha. Kompyuta zilipopata nguvu, UAE ikawa ndiyo Amiga ya watu wengi zaidi, na ndani yake Deluxe Paint inafunguka kama mwaka ilipotoka. Dennis van Weeren wa Uholanzi akazijenga upya chipu zenyewe ndani ya chipu tupu inayoweza kupangwa. Mashine yake, Minimig, aliitoa kwa umma 2007, mwaka ule Tao ilipofungwa. Vikaja vifaa vya Vampire vya kuongeza kasi, vyenye prosesa ya jamii ya 68000 iliyobuniwa upya kwa namna hiyo, kisha mwaka 2022 mashine ndogo ya THEA500 Mini madukani, ikiwa na prosesa ya ARM na kiigizi ndani yake.

Kisha kuna PiStorm, ambayo nadhani Hinsley angeicheka kwa furaha. Mtu anafungua Amiga 500 ya kweli, anang'oa 68000 kutoka kwenye soketi yake, na mahali pake anaweka kibao kilichobeba Raspberry Pi. Programu ya Emu68 inachukua amri za 68000 na kuzitafsiri kuwa amri za ARM kadiri zinavyohitajika, na chipu za Jay Miner zinaendelea na kazi yake pembeni bila kujua kwamba zinahudumiwa na mgeni. Amiga imepata prosesa ya kubuni baada ya yote, na prosesa hiyo ni 68000 ileile ya Motorola. Amri ambazo Miner alizichagua kwa kasi yake mwaka 1982 zimebaki kama lugha tu, zinazofasiriwa kwa chuma chochote kitakachokuja, kwa sababu hazina ya kazi iliyoandikwa kwa lugha hiyo ni kubwa. VP ilikuwa lugha bora. Hazina kama hiyo haikuwahi kuwa nayo.

Sijazitaja mashine ambazo hazikuhitaji kufufuliwa. Mwaka 2015 vyombo vya habari vya Grand Rapids, Michigan, viliripoti kwamba joto na ubaridi katika shule 19 za mji huo viliendeshwa na Amiga 2000 moja iliyonunuliwa miaka ya 1980, kwa programu iliyoandikwa na mwanafunzi wa sekondari. Mashine hiyo ilivuka Commodore, Escom, Gateway na Amino, na hakuna hata mmoja wa wamiliki hao wa jina aliyekuwa na habari nayo. Mpango wa kuibadilisha ulikuwa tayari, ukisubiri fedha.

Mwaka 2019 jina na alama za biashara za Amiga Inc. zilipita kwa Amiga Corporation, ya Mike Battilana wa Cloanto, kampuni ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiuza kihalali mkusanyiko wa programu za kuiiga Amiga uitwao Amiga Forever. Mvutano na Hyperion uliendelea. Katikati ya mvutano huo Hyperion ilitoa AmigaOS 3.2 mnamo Mei 2021, kwa mikono ya wapenzi waliosahihisha makosa ya miaka thelathini, na ikapatikana kwa Amiga 500 na nyingine zote za zamani. Inahitaji prosesa ya familia ya 68000.